Waliosoma kwa Sikio

Ukimwuliza Buba Gita binti yake anafanya kazi gani, atakujibu bila hata kukuangalia: "Anawauliza watoto maswali, halafu anawaambia wakubwa majibu wasiyotaka kuyasikia." Kisha atakusogezea sahani ya keki ya jibini na kukuuliza mbona umekonda.

Huyo binti ni Freyda Wajnryb, na kazi yenyewe ina jina refu kidogo: mchambuzi wa utafiti wa elimu ya Kiyahudi. Tumekaa naye chumba kimoja tangu ofisi yetu ilipohamia ghorofa ya juu ya duka la viatu pale Caulfield, mimi upande wa dirisha, yeye upande wa hita. Freyda hawezi baridi. Melbourne ikishaingia Juni, yeye huvaa koti ndani ya nyumba mpaka maua yachanue.

Zamani alikuwa mwalimu wa Kiebrania. Darasa lake lilikuwa la alasiri, la watoto wa shule za serikali wanaokuja wamechoka, midomo imejaa biskuti, kujifunza herufi na sala mpaka wazazi watoke kazini. Aliwapenda, nao walimpenda. Lakini kila mwaka ukiisha alijiuliza jambo ambalo walimu wenzake hawakupenda kuulizwa: hivi hawa watoto wanaondoka na nini? Mwishowe akaacha chaki, akarudi chuo kikuu, akajifunza kupima na kuhoji, na kituo chetu kikamchukua. Kazi yetu ni kuzitafiti shule zetu wenyewe. Kwa nini mtoto huyu anaendelea kusoma na yule anatoweka mara tu sherehe yake ya kuingia utu uzima ikiisha. Walimu tunawatoa wapi. Wazazi wanataka nini, na kama ni hicho hicho wanachosema wanakitaka.

Kipaji cha Freyda ni kusikiliza. Haandiki wakati mtoto anazungumza, hakatizi, na swali lake ni dogo tu: "Ehe, halafu ikawaje?" Nimeona vijana walioletwa kwa nguvu na mama zao, nyuso zimekunjwa kama ngumi, wakitoka mle ndani wakiuliza kama wanaweza kurudi wiki ijayo.

Mwaka ninaousimulia, alikuwa na utafiti uliompa sifa na maadui kwa pamoja. Alitaka kujua ni watoto wangapi wanaosoma Kiebrania kweli. Sikiliza jinsi alivyofanya. Mtoto alipewa kwanza sala anayoijua. Wote waliisoma vizuri, wengine kwa mbwembwe na sauti za kupanda na kushuka. Kisha akapewa mstari mwingine, wenye herufi zile zile na alama zile zile za irabu, ila maneno yake hayana maana, ni ya kubuni. Hapo ndipo ukimya ulipoanza. Watoto waliokuwa wakiimba kama ndege walikodoa macho, wakachezea vifungo vya mashati, wakaomba kwenda chooni. Hawakuwa wakisoma. Walikuwa wamemeza sauti tangu utotoni, karatasi waliishika tu mkononi.

Na hawakuwa wachache. Freyda alirudia hesabu zake, nikazirudia na mimi, tukapata jibu lile lile.

Alipowapa walimu wakuu habari za awali, kikao kiliwaka moto. Bwana Lichtig, mkuu wa shule moja ya zamani, mtu mrefu mwenye tai iliyokazwa mpaka shingo inakuwa nyekundu, alisimama akasema, "Dada Freyda, mtoto wa miaka kumi ukimpa maneno ya kipuuzi asome, unategemea nini? Hata mimi ningetaka kwenda chooni!"

Watu wakacheka. Freyda naye akacheka, kisha akasema, "Bwana Lichtig, karibu ujaribu. Nimebaki na karatasi." Vicheko vikahamia upande wa pili, naye Lichtig akaketi, ila hakusahau.

Mkurugenzi wetu, Rhona Abelsohn, mama wa Johannesburg aliyehamia huku na hajapunguza ukali hata chembe, aliamua ripoti kamili isubiri mpaka mwisho wa Agosti, mioyo ipoe. Freyda akakubali. Alikuwa na jambo lingine kichwani: Noga, mwanawe wa pekee, alikuwa anatimiza miaka kumi na miwili, na bat mitzva yake, sherehe ya msichana kuingia utu uzima wa kidini, ilikuwa imepangwa mwanzoni mwa Septemba. Sinagogi lao ni la wale wanaoruhusu wasichana kusoma mbele ya watu kwenye gombo la Torati, na Noga alikuwa akienda kwa Mwalimu Asnat kila wiki kujifunza sehemu yake. Asnat mwenyewe alisema hajapata mwanafunzi mwenye sauti ya namna ile.

Basi, Ijumaa moja ya Julai nilialikwa kwao kula chakula cha Sabato. Mishumaa imewashwa, mkate umekatwa, Marek mume wa Freyda anapakua supu ya kuku. Buba Gita, buba yaani bibi yake Noga, alikuwa amekuja na gauni ndani ya mfuko, la rangi ya buluu, akalitundika kwenye kitasa cha mlango ili wote tulione.

"Utalijaribu baada ya supu," akamwambia Noga. "Usije ukaliwekea doa."

Noga akaweka kijiko chini. "Sifanyi, Buba."

"Hufanyi nini? Kula supu?"

"Bat mitzva. Sifanyi. Gauni lirudishe."

Buba Gita akamgeukia Marek. "Huyu mtoto ana homa. Mguse paji la uso."

"Sina homa!"

"Noga," Freyda akasema, taratibu, "watu wameshaalikwa. Kama una woga, kila mtu huwa—"

"Siyo woga! Sitaki tu. Sitaki mambo yenu ya sinagogi, sitaki kusimama pale mbele kama mwanasesere. Nyie mnaopenda, fanyeni nyie!"

"Mambo yenu?" Buba Gita akashika kifua. "Wazazi wangu waliponea chupuchupu kule Poland wakiyashika hayo mambo yenu. Mimi sikuwahi kupewa siku hiyo, msichana wakati ule hakupewa. Wewe umepewa, unaitupa kama ganda!"

Noga akainuka akaenda chumbani kwake, na mlango ukatikisa glasi za kabatini. Marek akatazama supu. Mimi nikatamani niwe nyumbani kwangu.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito kule kwao. Freyda alijaribu upole, akajaribu ukali, akamleta rabi akazungumza na Noga kuhusu mpira wa netiboli kwa muda mrefu na kuhusu Torati kwa muda mfupi, wapi. Noga alijibu kila kitu kwa neno moja: sitaki. Kwa Asnat akagoma kwenda. Nyumbani wakawa wanapishana koridoni kama wapangaji.

Kazini Freyda aliweza kukaa na jedwali moja mbele yake asubuhi nzima bila kuligusa. Siku moja akaniambia, "Bina, unajua nimeandika mara ngapi kuhusu kwa nini watoto wetu wanaondoka? Nimekwenda kuzungumza mpaka Perth na Auckland. Sasa wangu anaondoka pale pale mezani kwangu, na mimi sina jibu hata moja."

"Ni umri tu," nikamwambia. "Wangu alitaka kuwa mtawa wa Kibudha."

"Akawa?"

"Sasa anauza bima."

Akacheka kidogo, lakini machozi yalimlengalenga. Kilichomuuma zaidi ya aibu ya wageni kilikuwa hiki: aliamini Noga anamkimbia yeye. Kwamba nyumba iliyojaa maneno ya elimu ya Kiyahudi, asubuhi kwenye chai, jioni kwenye simu, imemkinaisha mtoto mpaka ameitapika. "Labda ni mimi niliyemharibia," alikuwa akisema. "Angekuwa binti wa daktari wa meno angefanya bat mitzva yake vizuri tu."

Hata mimi nilianza kuamini hivyo.

Jumapili moja mvua ilinyesha, mechi ya netiboli ikavunjwa katikati. Freyda na Noga walikimbilia ndani ya gari wakiwa wamelowa, vioo vikajaa ukungu, na barabara ya kutokea uwanjani ilikuwa imezibwa na magari ya wazazi wengine. Hakuna pa kwenda. Freyda alinisimulia baadaye kwamba alikuwa ameshafungua mdomo kuanza tena hotuba yake, ghafla akajisikia amechoka nayo. Akaufunga. Badala yake, akamwuliza mwanawe kama ambavyo angemwuliza mtoto wa mtu mwingine.

"Hebu niambie siku moja tu ya kwenda kwa Asnat. Unashuka kwenye tramu. Halafu?"

Noga akatazama dirishani. "Halafu natembea."

"Ehe."

"Nagonga. Paka wake ananikwaruza. Ananipa chai mbaya."

"Ehe, halafu ikawaje?"

"Halafu ananiambia nisome, na mimi namwimbia."

Freyda akasubiri. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari.

"Namwimbia, Mama. Sisomi. Alinirekodia sehemu yote kwenye simu, nikaisikiliza mpaka nikaijua. Najua mpaka pale anapokohoa. Kuna mahali huwa nanyamaza kidogo, yeye anadhani naweka madoido, kumbe ndipo alipokohoa."

"Na ukitazama kitabu?"

"Herufi nazijua moja moja. Zikikaa pamoja, nikifika ya tatu nimeshasahau ya kwanza. Kwenye gombo ndiyo kabisa, halina hata irabu." Akafuta ukungu dirishani kwa kiganja. "Mara ya mwisho alinipa ukurasa mwingine, wa manabii, akasema huu nisome mwenyewe bila kurekodiwa. Nikamwambia naumwa tumbo."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nikwambie wewe?" Noga akamgeukia. "Wewe ndiye unayewakamata! Nilikusikia ukiongea na Rhona kwenye simu. Ulisema, 'Nimekaa na kasuku asubuhi nzima.' Ukacheka. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Kasuku ndio mimi."

Freyda aliniambia hakuwahi kulia mbele ya mtoto wake mpaka siku ile. Na katikati ya kilio akaanza kucheka, hakuweza kujizuia, kwa sababu wiki zote hizo alikuwa amemzika mwanawe akiwa hai: amepotea, ametuacha, ametukataa. Kumbe mtoto hakukataa kitu. Alikuwa hawezi kusoma, basi.

"Unanicheka?" Noga akauliza, akiwa tayari kukasirika upya.

"Sikucheki. Nilidhani hunipendi tena."

"Mama, wewe nawe! Hayo yanaingiaje?"

"Nisamehe kwa lile neno. Lilikuwa neno baya hata kwa watoto wa wengine."

"Baya sana," Noga akasema. Kisha akamwegemea, na nywele zake zilizolowa zikamwagia mama yake maji shingoni, na Freyda ambaye hawezi baridi hakusogea.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Walimpeleka Noga kwa mtaalamu wa kusoma, mama mmoja mpole wa Elsternwick, akakaa naye vikao kadhaa. Ikaonekana hata Kiingereza kilikuwa kinamtesa, ila kwa kuwa ana akili kali na masikio makali alikuwa akikisia maneno na kuwazunguka walimu bila wao kujua. Lilikuwa tatizo la kawaida linalojulikana, lenye njia zake za kulishughulikia. Mtoto alitoka pale akitembea kama aliyetuliwa gunia.

Buba Gita alipopewa habari aliketi kwanza. "Subiri. Hajaacha dini?"

"Hajaacha, Mama," Freyda akasema.

"Hajatuchukia?"

"Hapana."

"Hasomi vizuri, basi?"

"Basi."

"Sasa ndiyo nini kunitia presha namna hii! Mjomba Heniek alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anashika gazeti juu chini, na alishona makoti ambayo mpaka leo hayajachakaa. Marek, leta supu. Wiki tatu sijaionja supu ikawa na ladha."

Kwa Asnat ilikuwa ngumu kidogo. Mwanamke yule wa Haifa alijivunia zile rekodi zake. Nusu ya wasichana wa mtaa walipita mikononi mwake kwa njia hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akawasha sigara, akaizima. "Kwa hiyo nimekuwa nikifundisha sauti yangu tu miaka yote hii," akasema. Kisha akamwambia Noga, "Na kile kikohozi, si ungeniambia? Ningerekodi upya!" Noga akaangua kicheko, na urafiki ukarudi. Wakapanga upya. Aya za Torati zilizokuwa za Noga atazisoma rabi. Noga atasoma aya chache za manabii, ambazo husomwa kwenye kitabu cha kawaida chenye irabu, zimechapwa kwa herufi kubwa, na kadi ya kufunika mistari ya chini. Chache, lakini atazisoma, hataziimba kwa kukariri. Noga mwenyewe ndiye aliyeweka sharti hilo.

Ikabaki ripoti. Freyda alikaa nayo upya. Hesabu hakuzigusa, zilikuwa sahihi. Alibadilisha sura ya mapendekezo. Mwanzoni alikuwa ameandika kuhusu shule, ipi imefanya nini. Sasa akaandika kuhusu mtoto mmoja anayeketi darasani akiomba asiitwe: kwamba kila mtoto asikilizwe na mwalimu akisoma peke yake, mapema, kwa upole, bila alama, kabla hajajifunza kujificha. Kabla ya kikao alimwomba mwanawe ruhusa.

"Naweza kuwaambia habari zako?"

"Waambie. Ila usitaje jina langu."

"Noga, nina mtoto mmoja tu."

"Ah. Basi taja."

Siku ya kikao Bwana Lichtig alikuwa amekaa mbele, tai imekazwa. Freyda alipofika katikati, akanyanyua mkono. "Swali dogo. Hawa watoto wako wasiojua kusoma, umewatoa wapi? Maana shuleni kwangu wanasoma."

"Mmoja nimemtoa nyumbani kwangu," Freyda akasema.

Akawaeleza. Hakuremba wala hakujitetea. Lile neno alilolisema kwenye simu nalo akalitaja. Rhona, aliyekuwa upande wa pili wa ule mstari siku ile, alitazama mikono yake. Mlango wa duka la viatu ulisikika ukifunguka huko chini. Freyda akamaliza kwa kusema, "Mimi hii ndiyo kazi yangu, na sikumwona. Sidai mwalimu yeyote angemwona kirahisi kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba tukiwauliza vizuri, wanasema."

Lichtig akalegeza ile tai, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Njoo shuleni kwangu," akasema. "Uanze na darasa la nne. Ila usije na majedwali, walimu wangu wataruka dirishani."

"Nitakuja na biskuti."

"Hapo sawa."

Tuliposhuka ngazi Rhona alimshika Freyda bega, akasema, "Mpenzi, nimekuwa nikiogopa hiki kikao tangu Mei. Sasa naweza kwenda kula kama binadamu." Tukaenda sote watatu, tukala nyama ya kuku iliyokaangwa kwa chenga za mkate, na Freyda akamaliza sahani yake na nusu ya yangu.

Septemba ikafika. Asubuhi ya Sabato ile sinagogi lilijaa, na Buba Gita alikuwa mstari wa kwanza akiwasalimia watu kama mwenye harusi. Noga alipanda akiwa ndani ya gauni la buluu, akafungua kitabu, akaweka kadi yake chini ya mstari wa kwanza.

Hakusoma kama zamani. Ile sauti ya kuteleza, iliyokuwa ikiwasisimua watu, haikuwapo. Alisoma polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Aya ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Katika ya tatu akafika kwenye neno moja refu, akasimama.

Kwenye masinagogi yetu mtu akikwama, wazee humrushia neno kutoka viti vyote, ni mazoea tu, hawana nia mbaya. Mzee mmoja pembeni yangu alishavuta pumzi. Asnat, aliyesimama karibu na Noga, akainua kiganja bila kugeuka, na mzee akaishusha pumzi yake. Tukasubiri. Nilimwona Freyda ameshika mkono wa Marek mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Noga akasogeza kidole, herufi moja, na nyingine, na nyingine, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akainua uso akalitamka neno zima, lote, sawasawa, na kuendelea na lililofuata.

Alipomaliza watu walimrushia peremende kama desturi, na wapwa zake Marek wakazigombania sakafuni. Buba Gita alikuwa analia na kumsimulia jirani yake habari za Mjomba Heniek kwa wakati mmoja. Ukumbini kulikuwa na samaki wa siki, mayai, keki za kila namna. Bwana Lichtig alikuja, akampa Noga mkono kama anavyompa mtu mzima, akamwambia, "Lile neno la aya ya tatu mimi mwenyewe hunishinda." Sijui kama ni kweli. Noga aliamini.

Freyda sikumwona akila chochote. Alizunguka kati ya wageni akitabasamu kama mtu aliyeshuka kwenye ndege baada ya safari ndefu, akiitikia mambo ambayo hakuyasikia. Mchana tulitembea pamoja hadi kwao, jua la kwanza la machipuko likiwa mgongoni. Akaingia ndani, akakaa kwenye kochi akisema anavua viatu tu kisha aandae chai. Aliposogezewa mto alikuwa ameshalala, kiatu kimoja kimevuliwa, kingine bado. Noga akamfunika, akaja jikoni akatuambia tupunguze sauti, na tukaipunguza mpaka nyota zikatoka na Sabato ikaisha.